Suruali ya Vifaranga

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejitangaza fundi wa kushona. Sikupanga. Ulimi uliponza kichwa.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa kwa Mama, sebuleni, chini ya ule ukuta wake wa picha. Mama akatangaza kwamba Jumapili mpiga picha atakuja kumpiga picha mjukuu, na picha itatundikwa katikati kabisa, pale palipo na kalenda. Mjukuu ni binti wa Dada, ana miezi mitatu. Tunamwita Bosi kwa sababu akilia tu nyumba nzima inasimama. Basi Shangazi yake, yaani dada yake Shemeji, akasema kwa ile sauti yake ya sukari kwamba gauni la picha atashona yeye. Kwani nani mwingine katika familia hii anajua kushika sindano?

Nikasema mimi.

Kicheko! Dada alicheka mpaka Bosi akaachia ziwa. Shangazi akasema vizuri sana, kila mmoja alete chake, kitakachomkaa mtoto ndicho atakachopigiwa picha. Mama akakubali. Shemeji akakohoa na kutazama dari.

Wacheke. Mimi nina sababu. Kwenye ukuta ule nipo mara moja tu, katika picha ya harusi ya Dada, na kilichobaki changu ni kiwiko. Sehemu nyingine zote zilikatwa na fremu. Fremu niliitengeneza mimi mwenyewe (kazi yangu ni vioo na fremu), lakini hayo si ya kuzungumza hapa. Nataka kitu changu kionekane pale katikati, kizima, wageni wakiingia waulize ni cha nani. Maji nimeshayavulia nguo, sasa ni kuyaoga.

Jumanne, 5 Machi

Vipimo. Nilimpitia Dada asubuhi nikamkuta anamwogesha Bosi, nikampima humo humo ndani ya beseni. Kiuno, paja, mguu, hata kifua na mikono. Mtoto anateleza huyo! Akanirushia maji machoni, akacheka bila jino hata moja. Nampenda mtoto huyu, Mungu anajua. Dada akaniuliza kwa nini nisisubiri amvalishe kwanza. Nikamweleza kwamba kipimo cha kweli huchukuliwa kwenye kitu chenyewe, bila mapambo. Mtu kazeekea kwenye vioo, leo anafundishwa kupima!

Nimenunua kitambaa cha pamba, cheupe, chenye vifaranga wa njano. Itakuwa suruali ya mpira kiunoni. Muuza vitambaa ameapa kwamba hata asiyejua lolote huanzia hapo, na hakosei.

Pale pale dukani nani akaingia? Shangazi. Akaniomba vipimo, kwa kuwa mimi nimeshampima mtoto na yeye amechomoka kazini mara moja tu, hatoki tena hadi jioni. Nikaona mlango umefunguka wenyewe. Nikampa vipimo vyote kwa moyo mkunjufu, na kila kimoja nikakitia chumvi. Nikaongeza kwamba mtoto ananenepa, mapaja hayo si mchezo. Akanishukuru. Akasema kumbe mimi ni muungwana.

Maskini Shangazi. Gauni litakuwa hema.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi cherehani wa kibanda cha jirani amekubali niitumie cherehani yake wakati wa chakula cha mchana. Kwanza nilikata kitambaa mezani kwangu, karibu na vioo. Kioo ukitaka kiingie kwenye fremu, unakikata pungufu kidogo kuliko kipimo. Nikafanya vivyo hivyo. Fundi akaniuliza mshono utakula wapi ikiwa sijauachia nafasi. Nikamwambia mshono wangu hauna njaa. Akatikisa kichwa, akaendelea na wali wake.

Cherehani ilikimbia kuliko nilivyotarajia. Uzi ulikatika, ukakatika, kisha ukakatika tena. Pindo nikaamua kulimalizia kwa mkono, suruali ikiwa mapajani. Akaja mteja wa kioo cha bafuni, nikasimama kumhudumia, na suruali ikasimama nami! Nilikuwa nimeishona pamoja na shati langu. Nikampimia kioo hivyo hivyo, vifaranga wakining'inia kiunoni. Mteja alilipa macho yakiwa kwa vifaranga. Fundi alicheka mpaka akapaliwa.

Jambo moja dogo. Vifaranga wamesimama kwa vichwa. Nilikata kitambaa juu chini. Si neno. Mtoto akiinama kujitazama, yeye atawaona wamesimama sawasawa. Nimemfikiria mvaaji.

Jumapili, 10 Machi

Siku yenyewe. Mpiga picha alifika mapema, kitambaa cheupe kikatandazwa kwenye kochi.

Gauni la Shangazi kwanza. La buluu, lina vikunjo kifuani, vifungo vya lulu, kazi nzuri sana, kusema kweli roho iliniuma. Wakamvalisha Bosi, Bosi akapotea. Mikono haikuonekana. Dada alilazimika kumtafuta kupitia shingo ya gauni ili apumue. Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama kalenda.

Kisha suruali yangu. Mguu wa kwanza ukapita. Mguu wa pili ukapita. Ikapanda hadi magotini, ikafika mapajani, ikagoma. Nepi! Nilimpima mtoto akiwa mtupu ndani ya beseni, na mtoto hapigwi picha kwenye kochi jeupe bila nepi. Dada akavuta, Shemeji akavuta, Bosi akajamba, mshono wa nyuma ukaachia wote. Shangazi akaniuliza kwa upole kama ile ni suruali au mfuko wa simu.

Mama akasema basi, apigwe picha na fulana yake, yamekwisha. Ingekuwa sare. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini mimi nina akili inayoona mbali. Nikasema kwa heshima kwamba Mama hawezi kutundika fulana katikati ya ukuta, tuahirishe wiki mbili. Nikamwonea Shangazi huruma hata nikasema asihangaike kulipunguza gauni, lisije likaharibika. Wakakubali wote. Wiki mbili! Mimi narekebisha, yeye gauni lake linabaki hema. Ndivyo wanavyoshinda wenye kufikiri.

Jumatano, 20 Machi

Marekebisho yamekamilika. Nimeweka kiraka kipana makalioni, nafasi ya nepi mbili. Nimepiga mishono mara tatu kila mahali, isiachie tena hata wakivuta ng'ombe. Fundi akashauri niigeuze niikague kabla ya kuipeleka. Nikamwambia kazi nzuri haikaguliwi kaguliwi.

Dada kapiga simu. Anasema Bosi ananyonya usiku na mchana, nguo zote za zamani zimekataa. Nikafurahi. Mtoto mwenye afya hupendeza katika picha.

Jumapili, 24 Machi

Gauni limemkaa.

Limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Mabega sawa, mikono sawa, vikunjo vimelala mahali pake. Shangazi akaeleza mbele ya watu wote kwamba ni kwa sababu ya vipimo alivyopewa na Mjomba, yaani mimi, aliyeona kwamba watoto hukua. Mama akanisifu. Nikapokea sifa. Ningefanyaje?

Nikaomba suruali nayo ijaribiwe, haki ni haki. Makalio yakaingia, kiraka kimefanya kazi! Lakini mguu wa kushoto haukutokea upande wa pili. Dada akaingiza mkono. Akasema nimeufunga mguu kwa chini. Mishono mitatu.

Bosi hakupenda. Akaanza kulia, kile kilio cha kusimamisha nyumba. Mama akambembeleza, Shangazi akaimba, mpiga picha akapiga miluzi, wapi! Mwishowe, kwa kukata tamaa, nikaivaa ile suruali kichwani, nikapiga magoti mbele yake. Akanyamaza. Akanikodolea macho. Kisha akacheka, akanyoosha mikono akaitaka. Nikamvalisha kichwani. Mpira wa kiuno ukamkaa vizuri kabisa. Mguu uliofungwa ukasimama wima, ule mwingine ukalala sikioni. Na vifaranga, kwa mara ya kwanza tangu niwakate, wakasimama kwa miguu yao!

Mpiga picha akabonyeza. Kila walipomvua alilia, kwa hiyo hawakumvua. Mama alicheka akafuta machozi. Hata Shangazi alisema kofia ile ina kitu fulani. Nikamwambia ndivyo nilivyokusudia toka mwanzo. Nimerudi nyumbani nikitembea kwa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jumanne, 26 Machi

Picha imesafishwa, imetoka nzuri, kubwa. Fremu nimejitolea kutengeneza mimi, bure. Nina mpango. Nikiifanya fremu iwe fupi kidogo, italazimu picha ikatwe chini. Likiondoka gauni kuanzia kifuani, inabaki sura ya mtoto na kazi yangu. Hakuna atakayelaumu, fremu ni fremu.

Nililaza picha kifudifudi ili isichubuke. Nikapima mara moja, inatosha. Nikakata.

Nimegundua baadaye kwamba upande niliodhani ni wa chini ulikuwa wa juu.

Ijumaa, 29 Machi

Imetundikwa. Gauni lote lipo, hadi pindo, hadi kifungo cha mwisho cha lulu. Bosi anaanzia kwenye nyusi. Cha kwangu kilichobaki ni ncha ya ule mguu uliolala sikioni, na juu yake kifaranga mmoja, kichwa chini.

Niliogopa Mama atakasirika. Akaisogelea, akaitazama, kisha akatazama kiwiko changu kule pembeni. Akasema hata asingeambiwa, angejua fremu hii ni kazi ya nani. Dada akataka picha nyingine isafishwe, Mama akakataa. Eti anayetaka kuona paji la uso la mtoto aje amwone mtoto mwenyewe. Akanipakulia chakula mimi wa kwanza. Nilikula nikiwa nimempakata Bosi, naye akanivuta sikio muda wote. Sijui kama kuna mtu mwenye raha kunishinda leo. Sasa ukutani nipo mara mbili.

Shangazi ameniomba vipimo vipya. Mama anataka picha nyingine Bosi akianza kukaa. Safari hii nimeuona mchezo. Kosa langu lilikuwa kusema ananenepa. Nimemwambia amekonda.

Nimenunua kitambaa cha samaki. Samaki hawana juu wala chini. Nimeshakata suruali nyingine pia, na kila upande nimepunguza kidogo, ili iingie bila taabu.