Kitamil Changu cha Maneno Mawili

Jumatatu, 5 Machi 2007

Nimeshtuka mpaka chai imenimwagikia shatini. Mzee Kishor, bosi wetu, katangaza ofisini kwamba kampuni kutoka Chennai, India, imefika hapa kwetu Walthamstow, London, kupiga filamu ya mapenzi kwa Kitamil. Sisi tutawatafutia vibali vya barabara na watu wa kupitapita nyuma ya waigizaji. Kisha akanigeukia. Talib, si wewe unajua Kitamil? Utakuwa nao wiki nzima.

Mimi! Kweli, niliandika Kitamil kwenye fomu ya kazi. Harjit, karani mwenzangu, alikuwa na lugha nne. Mimi nilikuwa na mbili na nafasi tupu. Nikachagua lugha ambayo hakuna mtu ofisini angeweza kunipima.

Ijumaa miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha. Nikishindwa, narudi Woolwich kukunja mapazia dukani kwa Ami Shaame, naye atanikumbusha kila siku kwamba nimesoma.

Harjit katabasamu. Anaitaka meza yangu, iliyo karibu na hita.

Mpango: kusikiliza kwa makini, kuandika kila neno. Lugha ni lugha.

Jumanne, 6 Machi

Mwongozaji wa filamu ana sauti ya mnadi wa sokoni. Kila akiniona: "Tambi! Tambi!" Mara saba kabla ya adhuhuri! Mwanzo niliogopa. Kisha nikaelewa, mwili ukanisisimka. Mtu ana njaa! Mgeni, kwenye baridi hii, anataka tambi, na hakuna anayemsikia. Nimeandika daftarini: tambi, maana yake tambi. Kumbe lugha zetu ni ndugu.

Shangazi Mwatima, ninayekaa kwake, kaniambia nikamwambie Mzee Kishor kweli. Nimemwahidi nitamwambia. Baada ya Ijumaa. Kisha nikamwomba anipikie tambi za nazi, sufuria kubwa. Kasonya, lakini kapika, na hiliki na zabibu kavu.

Jumatano, 7 Machi

Mwongozaji kaita, "Tambi!" Nikafunua sufuria.

Wapiga picha wote wakanikodolea macho. Akaonja. Macho yakamlowa! Kasema kwa Kiingereza kwamba mama yake hupika kitu kama hiki, kwa maziwa. Nimejuaje? Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye siri.

Harjit, aliyekuja kunichungulia kwa kisingizio cha kuleta vibali, kabaki mdomo wazi. Mzee Kishor kapigiwa simu, kaambiwa mimi ni lulu.

Nimeshtuka kuliko wote. Najua Kitamil!

Alhamisi, 8 Machi

Mungu wangu.

Leo ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya filamu. Hadithini ni majira ya joto. Msichana anatokea upande wa pili wa soko, anapenya katikati ya watu, anamfikia mpenzi wake aliyemngoja miaka mitatu. Jua likatoka, la kwanza wiki hii. Watu thelathini wa kupitapita, karibu wote Wazanzibari niliowaleta kupitia Shangazi, wakavuliwa makoti, wakabaki na mikono mifupi wakitetemeka. Bi Mardhiya, jirani yetu wa miaka sabini, akaniuliza, mwanangu, huyu bwana tumemkosea nini?

Kamera zikaanza. Msichana akatokea. Mwongozaji akapaza sauti: "Vaa! Vaa! Vaa!"

Sijapata kusikia Kitamil kilichonyooka namna ile. Hata kutafsiri sikuhitaji. Bi Mardhiya alikuwa keshakamata koti lake. "Haya jamani, kasema tuvae!" Wakavaa wote. Makoti, kofia, glavu, skafu. Mmoja alimpiga kiwiko mpenzi mwenyewe. Nami, kwa kuwa ndimi mkalimani, nikamkimbilia msichana mbele ya kamera na koti langu, nikamvisha. Nikamfunga na vifungo.

Jua likaingia mawinguni. Halikurudi.

Msichana ndiye aliyenieleza, polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Vaa ni njoo. Aliyekuwa akiitwa ni yeye. Na tambi? Kwao ni mdogo wangu. Siku tatu mwongozaji ananiita mdogo wake, nami nimemletea sufuria!

Nilikaa ukingoni mwa barabara. Bila koti.

Ijumaa, 9 Machi

Mzee Kishor kaniita. Mwongozaji alikuwa keshapiga simu kudai jua lake.

Mzee alihama Unguja akiwa kijana, baada ya Mapinduzi, na Kiswahili chake kinakishinda changu. Kataka nisimulie mwenyewe. Nikasimulia. Nilipofika kwenye vaa, akalaza uso mezani, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Kasema angekuwepo, naye angevaa.

Kisha akakunja uso. Alijua tangu Jumatatu, aliponiona namwaga chai. Siku zote nne alikuwa akingoja niseme. Mwongozaji atarudia kesho, na ameagiza sufuria nyingine, na kwa ajili ya sufuria hiyo naongezewa mwezi mmoja. Sharti: nijaze fomu upya, ukweli mtupu. Meza ya karibu na hita kapewa Harjit.

Nimejaza. Kiswahili. Kiingereza. Nafasi iliyobaki ilikuwa nyeupe mno.

Nikaandika Kifini. Nani atakuja Walthamstow kupiga filamu ya Kifini? Wala si uongo. Mwanamke wa ghorofa ya chini ni Mfini, na kila asubuhi namsikia akisema kwenye simu: sina, sina. Maskini, naye hana. Neno moja tayari nalijua.