Kiti cha Mzee Nadir

Jumamosi, 4 Mei

Choro, muziki wetu wa nyuzi na filimbi, imekwisha saa kumi na moja jioni. Nimekaa mstari wa pili, mgongo kwenye mlango wa choo. Mwaka wa tatu sasa. Katika baa yetu hapa Olaria, wakubwa huizunguka meza, sisi wengine huwazunguka wao, tukipiga nyuma yao. Hukai mezani mpaka uitwe. Anayeita ni Bi Zuleica, mpiga filimbi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na jicho lake bado linasahihisha.

Habari kubwa! Mzee Nadir, mpiga mandolini wa mezani kwa miaka arobaini, vidole vimekakamaa. Anahamia Curitiba kwa binti yake. Mandolini anaiuza. Kiti kinabaki wazi!

Nikamtazama Everaldo. Naye alikuwa ananitazama. Everaldo anauza mitungi ya gesi, anakaa kushoto kwangu, na mandolini zetu tulizinunua duka moja, siku moja. Za wanaoanza. Plaiwudi tupu, sauti ya kopo la dagaa.

Jumapili, 5 Mei

Nimefikiri kutwa, jibu nimelipata. Siitwi mezani kwa sababu ya chombo. Mkono wangu hauna kasoro.

Mke wangu, Lindalva, akauliza mbona Everaldo anapiga vizuri na chombo kilekile. Nikamwambia yeye hajui muziki. Akakubali kwamba hajui, lakini masikio anayo.

Jumatatu, 6 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Nadir. Nimeishika! Nimegusa uzi mmoja tu, mbwa wa jirani akaacha kubweka.

Bei yake ni sawasawa na pikipiki yangu. Halafu kuna sharti. Mzee anasema mbao nzuri isipopigwa hulala, na ikishalala kuiamsha ni kazi. Kwa hiyo kila Jumamosi lazima isikike palepale mezani. Nikaapa kwa kaburi la mama. Mama yuko hai, anakaa Niterói, lakini kiapo ni kiapo.

Akaniambia Everaldo naye anataka kuja kuiona. Nikamuuliza safari yake ya Curitiba ni lini. Alhamisi asubuhi.

Jumanne, 7 Mei

Everaldo kaleta gesi. Kauliza kama nimesikia Mzee anaondoka lini. Nikamwambia Jumamosi. Si uwongo mkubwa, ni siku mbili tu. Lindalva alikuwa anasikiliza. Akafunika sufuria kwa kishindo.

Jumatano, 8 Mei

Pikipiki imekwenda kwa muuza nyama. Mandolini ni yangu!

Nimeipiga nyumbani saa nzima. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hajawahi kulalamika hata mara moja, leo kashuka kulalamika. Dalili njema. Sasa nasikika.

Ijumaa, 10 Mei

Everaldo alikwenda kumuaga Mzee, na keki ya mahindi mkononi. Kakuta mlango una kufuli. Keki kaniletea mimi. Kasema afadhali chombo kimebaki Olaria, hongera kaka. Hana kinyongo hata kidogo. Inaudhi sana! Keki ilikuwa tamu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeingia na mfuko begani. Meza nzima ikasimama. Jurandir, mpiga gitaa, akaubusu mfuko. Mimi akanipa mkono. Bi Zuleica akavuta kiti cha Mzee Nadir kwa mkono wake mwenyewe. “Njoo mwanangu, kaa hapa.”

Nimekaa! Ningekufa wakati ule ningekufa na furaha.

Tukaanza. Sasa, mezani pana mchezo wa zamani. Anayeongoza huugeuza wimbo ghafla, ajue nani yuko macho. Ukipotea, wote wanapaza sauti “Kaanguka!” na bia ni juu yako. Bi Zuleica akageuza. Nikaanguka. Akageuza tena, pole pole, kama anayemvusha mtoto barabara. Nikaanguka. Safari ya tano Jurandir akasema, “Kaka, hebu pumzika kidogo, tumbo langu limejaa.”

Bi Zuleica akaniuliza kwa upole kama kule nyuma pia nilikuwa naanguka hivi. Nikasema sikumbuki. Everaldo akadakia kwamba ni kila Jumamosi, miaka mitatu, ila plaiwudi ilikuwa inanisitiri. Mnafiki! Nimekula keki yake bure.

Nikataka kufunga mfuko niende zangu. Haikuwezekana. Mzee Nadir keshampigia simu Bi Zuleica, kamweleza habari ya kiapo. Lazima isikike. Everaldo akaomba kuijaribu. Na chombo kizuri, mezani kwetu, hakinyimwi mtu. Nikampa.

Bi Zuleica akamgeuzia wimbo mara tatu. Akageuka naye mara tatu. Kisha Everaldo akaugeuza yeye, na Bi Zuleica akaanguka! Haijapata kutokea. Wakacheka mpaka machozi, bia akanunua mwalimu. Mandolini ililia kama Mzee Nadir alivyokuwa akiiliza enzi zake.

Mimi nilikuwa nimepakata plaiwudi ya Everaldo. Nimeumia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna asomaye: nimeumia sana.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda kwa basi, mandolini mapajani. Bi Zuleica kanipokea mlangoni. Hakuna hujambo wala habari za nyumbani. “Umeileta?” Nikasema nimeileta. Akaipokea kwa mikono miwili, akampelekea Everaldo. Kitini.

Mimi mstari wa pili. Wameniletea bia ya bure. Jurandir kasema ni ya usafirishaji.

Lindalva kashauri nimwombe Everaldo anifundishe. Eti yuko tayari, keshamuuliza. Nimekataa chakula cha jioni. Baadaye nimekula.

Jumatatu, 20 Mei

Nimefikiri tena kwa utulivu, kosa nimeliona. Mandolini ya Mzee ilishazoea mikono ya watu. Tena ina nyuzi nane tu. Madureira kuna fundi anatengeneza za nyuzi kumi. Hesabu ni nyepesi: nyuzi zikiongezeka, na nafasi ya kugusa ule unaotakiwa inaongezeka.

Nimemwuzia Everaldo ile ya Mzee leo asubuhi. Alinikumbatia. Masikini, hajui kwamba anabaki nyuma.

Mchana nikaenda kwa fundi. Akataka nimpigie kidogo ausikie mkono wangu kabla ya kukata mbao. Nikapiga wimbo mzima. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kupiga tari.

Nikamwambia tusiruke hatua. Kwanza nyuzi kumi, tari baadaye.