Kwenda Sokoni na Mukai na Masila

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu Kalunde amepangiwa zamu ya Jumamosi kiwandani Athi River. Ununuzi wa mahitaji ya nyumbani sasa ni wangu. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Mtu anayetengeneza simu, na skrubu zake ndogo kuliko chembe ya wimbi, hawezi kushindwa na toroli.

Supamaketi. Mukai, mwenye miaka mitano, alitaka kusukuma. Masila, mwenye mitatu, alitaka kulala chini ya rafu ya sabuni. Akalala. Nilipomvuta mguu alipiga nduru mpaka askari wa mlangoni akaja kuuliza kama huyu mtoto ni wangu. Mukai akamjibu kwamba hapana.

Kwenye foleni nikamwona Habiba, jirani yetu wa ploti. Ana watoto watatu, wote wametulia. Mdogo alikuwa amekumbatia mkate kama anayebembeleza mtoto mchanga. Nilisimama nikashangaa mpaka foleni ikanipita.

Nimerudi na chumvi peke yake. Huyu mama ana siri.

Jumapili, 8 Juni

Nilipotoka kanisani nilimkuta Habiba kwenye ploti, nikamuuliza, kwa ujanja, huwa anawapa watoto nini kabla ya kutoka. Akasema huwapa kazi.

Namheshimu sana, lakini hilo si jibu. Mimi naona anawashibisha. Mtoto aliyeshiba hana nguvu za fujo.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio. Uji, chapati, maharagwe, uji tena. Kisha sokoni.

Kabla hatujafika kwa vitunguu, wote wawili walitaka choo. Mukai alivumilia. Masila hakuvumilia. Tulirudi nyumbani amefungwa sweta yangu kiunoni kama sketi. Njiani tukakutana na Habiba. Akatusalimia vizuri, akatupisha, hakuuliza neno. Mimi ningeuliza. Huyo ndiye mtu mwenye adabu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefikiria. Labda kweli ni kazi. Lakini kazi bila mashindano ni adhabu. Kesho watakimbia: anayeleta kitu kwanza ndiye mshindi. Habiba mwenyewe atakuja kuniuliza nimefanyaje.

Jumamosi, 14 Juni

Supamaketi tena. Nikasema, "Unga." Mukai akatoka mbio, akachomoa pakiti ya chini kabisa. Mnara wote wa unga ukaanguka, pakiti zikapasuka. Nilipomaliza kumwomba msamaha yule askari, tukiwa weupe sote, niligeuka. Masila hakuwepo.

Sitaki kuandika mengi hapa. Niliita jina lake mpaka sauti ikaniisha. Niliangalia chini ya kila rafu, nikimvuta Mukai kwa mkono, naye alikuwa amenyamaza, na Mukai hanyamazi.

Mlangoni nikagongana na Asmaa, binti mkubwa wa Habiba. Ametumwa kuniita. Mama yake alimwona Masila akivuka barabara peke yake kuelekea sokoni, akamshika mkono.

Nikamkuta Masila mbele ya meza ya Kamene, anayeuza nyanya. Anachagua. Anabonyeza moja moja kwa kidole, polepole, amekunja uso kama daktari.

"Hii imelegea, Baba," akaniambia. "Hatuchukui."

Kamene akasema hajawahi kupata mteja msumbufu hivyo, na akamwongezea moja.

Habiba hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Mukai, wewe shika mfuko. Mukai, hebu nitafutie ndimu inayonukia kuliko zote."

Mukai alinusa ndimu zote za soko. Masila alibeba nyanya kwa mikono miwili. Tulinunua kila kitu, na hakuna aliyelia. Isipokuwa mimi, kidogo, nyuma ya magunia ya pojo. Sijawahi kuona mtu kama yule mama. Wala watoto kama hawa wangu, kumbe.

Jumapili, 15 Juni

Kalunde amesifu sukuma wiki, amesifu nyanya, amesikiliza habari za ndimu mara tatu. Akauliza nilifanyaje. Nikamjibu ni mbinu.

Nimekaa nikaitafakari hiyo mbinu. Habiba ni hodari, hilo sibishani na mtu. Lakini anaenda polepole mno, mtoto mmoja, ndimu moja. Anahitaji mtu wa kumpangia. Kwa hiyo jioni nilienda kwake nikajitolea: Jumamosi ijayo nitawapeleka watoto wote watano, yeye apumzike.

Akauliza kama nina uhakika. Kisha akasema atakuja pia, kubeba mfuko tu.

Nimemkubalia. Atajifunza mengi. Nimeshanunua filimbi.