Ripoti ya Bustani Mbili za Jericho, Iliyosomwa Juu ya Bembea

(Hotuba hii ilitolewa Jumamosi alasiri, mwaka wa 1996, katika kiwanja kilicho nyuma ya nyumba za mtaa wa Jericho, Nairobi, na Mheshimiwa Diwani Naftaly Luseno, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Burudani ya wadi. Kwa kuwa hapakuwa na jukwaa, Mheshimiwa alisimama juu ya bembea ya duara ya Mama Nangila Simiyu, kati ya kifaru wa mbao na twiga wa mbao. Makofi yameandikwa pale yalipopigwa, na pale yasipopigwa hayakuongezwa, ingawa tuliombwa.)

Mgeni wetu wa heshima, ambaye ametuma radhi. Mwakilishi wa mgeni wetu wa heshima, ambaye gari lake limeishiwa na mafuta. Bwana Naibu wa Msaidizi wa Chifu. Wachungaji, makasisi na mashemasi wa madhehebu yote kumi na manne ya mtaa huu, mliokaa mbalimbali kama kawaida yenu. Katibu wa Mafundi Seremala wa Gikomba. Akina mama wa Majengo mliofunga biashara mapema kwa ajili yangu, na nyinyi ambao hamkufunga lakini mnasikia kutoka huko. Wafanyakazi wa reli, mlio kazini, mliostaafu na mnaongojea malipo ya kustaafu. Na wewe Mama Nangila, ambaye kamati yangu inakutambua bila kukukubali: itifaki imezingatiwa.

Hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo. Mzee Matheka, dereva wa treni mstaafu, kutoka benchi la mbele: "Leo utaanza saa ngapi?")

Nimeshaanza, Mzee Matheka. Mimi najijua. Mke wangu Clare husema nikiomba chumvi mezani, ugali hupoa kabla sijafika kwenye neno chumvi. Ndiyo maana mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, niliandika Kanuni ya Saba ya kamati yetu, isemayo kwamba hotuba ya Mwenyekiti itadumu nusu saa kamili, na kwamba jambo lolote litakalokuwa halijasomwa kengele ikilia litahesabiwa kuwa limeanguka, wala halitaletwa tena mbele ya umma mpaka ipite miaka mitatu. Hiyo ndiyo self-discipline. Karani wangu Tobias ana saa mkononi, na kengele tumeiazima hapa hapa, ile rimu ya lori mnayoijua, inayoning'inia pale kwenye mti wa stima. Tobias, nusu saa ikifika, gonga. Usiogope sura yangu.

(Mama Nangila anamuuliza karani kama saa yake inakwenda sawasawa. Karani anasema ilinunuliwa Krismasi.)

Ninawashukuru pia ndugu Bwire na ndugu Amolo, wavuta mikokoteni wa Gikomba siku za wiki na wasukuma bembea mwisho wa wiki, ambao nimewaomba washike vyuma hivi ili jukwaa lisinichezechezee. (Amolo: "Tumeshika, Mheshimiwa. Wewe ongea.")

Sasa, mabibi na mabwana, ndani ya koti hili nina barua. Sitaki kuwaficha, kwa sababu kamati yangu ni ya transparency. Barua hii, ambayo nitaisoma mwishoni ili iwe kilele cha shughuli, inamtaka Mama Nangila ang'oe bembea yake, kifaru, twiga, ekseli na yote yahusikayo, kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, ili kupisha Jericho Wonderland, bustani ya burudani ya kiwango cha kimataifa.

(Kageha, mshonaji wa nguo za kanisa, anamgeukia Mama Nangila: "Na watoto wako wanne watakula nini, hiyo kimataifa?" Mama Nangila anaitazama rimu, kisha anaitazama saa ya karani.)

Najua, mama. Hata mimi nina moyo, daktari aliuona. Lakini maendeleo hayaendi kwa moyo, yanaendeshwa na comparative study, na ndiyo sababu kamati yangu, kwa muda wa Jumapili nane mfululizo, imezilinganisha bustani hizi mbili zinazoshindana katika kiwanja kimoja, yaani hii ya Mama Nangila, yenye bembea moja ya mbao na chuma iliyoundwa Gikomba na isiyokuwa na cheti chochote, na ile yetu ya Wonderland, yenye lango la zege, maandishi ya rangi ya dhahabu na mlinzi wa kudumu, ambayo imezinduliwa mara tatu, rekodi ambayo hakuna bustani nyingine katika upande huu wa Nairobi iliyowahi kuifikia. (Makofi machache, mengi yao ya mlinzi Abdiqadir.)

Takwimu. Katika Jumapili hizo nane, walioingia Wonderland kwa kupitia langoni walikuwa elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Walioingia kwa Mama Nangila walikuwa elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Mnaona ushindani ulivyo mkali? Hata mtu mmoja hakupungua.

(Mzee Matheka: "Mheshimiwa, si ni watu wale wale? Lango lako ndiyo njia ya kuja hapa.")

Mzee wangu, mtu akipita mlangoni kwangu amenitembelea. Kama baadaye alikwenda kwa jirani, hayo ni mambo yake ya ndani. Basi, kwa kuwa hesabu zimelingana, sioni haja ya kuwachosha, na ningependa kuitoa sasa hivi ile barua...

(Mheshimiwa anaingiza mkono kwenye koti. Kageha anasimama haraka: "Mheshimiwa, samahani. Kabla hujasoma, watu hapa wanasema eti hukwenda ng'ambo kuzitazama hizo bustani. Mimi nimewaambia ulikwenda.")

Nani anasema sikwenda? Kaa, Kageha, umefanya vizuri kuniuliza. Nilikwenda. Tulikwenda wajumbe tisa, siku kumi na moja, katika nchi moja ya baridi ambayo ina bustani mbili kubwa zinazotazamana barabarani kama maduka mawili ya nyama, na tulifanya utafiti wa kina kupitia ua, kwa kuwa tulifika majira ambayo bustani zote mbili zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya theluji. Kosa hilo ni langu, nilitazama kalenda ya huku. Lakini ukisimama kwenye ua siku kumi na moja na soksi mbili mbili unajifunza. Bustani ya kwanza ilikuwa na mlima wa chuma mrefu kuliko minara yote ya makanisa yenu ikipangwa mmoja juu ya mwingine. Ya pili ilikuwa na vyombo vya kawaida tu. Nikamuuliza bawabu mmoja pale, kwa lugha ya mikono, wageni hupendelea ipi? Akanionyesha ya pili. Kwa nini? Akanionyesha kwamba kuna choo karibu, na kuna mahali pa mama kuketi akamwona mtoto wake bila kuinuka. Nilicheka. Nikaandika kwenye ripoti kwamba bawabu hakuwa mtaalamu. (Vicheko. Mama mmoja wa Majengo: "Kumbe hata wazungu wanachoka miguu.")

Kwa hiyo, nikirejea kwenye barua...

(Mzee Matheka anasimama kwa kutegemea fimbo: "Naftaly, mwanangu. Na ile treni?")

Ah. Ile treni.

Mzee, umenigusa. Katika masterplan ya Wonderland iko treni ndogo ya watoto, yenye mabehewa sita, honi mbili na kituo chake, itakayozunguka kiwanja hiki chote, ipite nyuma ya soko la Jericho, irudi hapa, na kwa heshima ya wastaafu wa reli waliojaa mtaa huu, dereva wake atakuwa mstaafu, mwenye kofia. Zaidi ya treni, kutakuwa na magari ya umeme ya kugongana, mteremko wa maji, nyumba ya vioo vya kukufanya mwembamba, ambayo mimi binafsi naisubiri, na kufikia mwaka wa elfu mbili tutakuwa na capacity ya wageni elfu sita kwa siku, wote wakiwa wameketi. (Mzee Matheka: "Kofia ya rangi gani?") Buluu iliyoiva. (Mzee Matheka anaketi. Anaonekana amesahau kwa nini alisimama.)

Lakini msifikiri kwamba kamati yangu inajisikiliza yenyewe tu. Tuliwauliza wageni. Tulitoa fomu mia nne zilizopigwa taipu, na swali lilikuwa moja: kwa nini unapendelea bustani unayoipendelea? Nitasoma majibu jinsi yalivyo, kwa sababu siogopi.

Kwa upande wa Mama Nangila, asilimia sitini na moja walijibu: kwa sababu ipo.

(Kicheko kinachoanzia nyuma na kufika mbele kikiwa kikubwa.)

Ngojeni. Kitaalamu hilo linaitwa availability, na ni eneo ambalo Wonderland inakubali kuwa na changamoto. Tuendelee. Asilimia ishirini na mbili: kwa sababu Mama Nangila anamjua mtoto wangu kwa jina, na anajua yupi hutapika. Hiyo ni customer relations. Asilimia tisa: kwa sababu nikitoka kanisani hapa ndipo naketi na watu wa kwetu. Na asilimia nane waliandika neno moja tu: kifaru. (Watoto, kwa pamoja: "Kifaru.") Ndiyo, huyu hapa nimemshika pembe. Kwa upande wa Wonderland tulipata fomu moja. Ilisema: kivuli cha lango. Haikuwa na jina, lakini mwandiko ni wa Abdiqadir.

(Abdiqadir: "Ni kivuli kizuri, Mheshimiwa." Bwire, chini kwa chini, kwa Amolo: "Manze, huyu akimaliza nitakuwa nimezeeka." Amolo: "Nyamaza. Zimebaki dakika tatu.")

Sasa mabibi na mabwana, nadhani mnakubaliana nami kwamba ushahidi ni mwingi, na kwa hivyo bila kupoteza wakati...

(Mheshimiwa anaitoa barua. Anavaa miwani. Mama Nangila, ambaye tangu mwanzo hajasema na Mheshimiwa, anasogea karibu na bembea, kitambaa chake cha kichwa amekifunga vizuri.)

("Mheshimiwa, mimi sina la kupinga," anasema. "Mtu akifungiwa kazi, anataka tu kumjua aliyemfungia. Umetueleza treni, umetueleza theluji. Juu yako mwenyewe hujatuambia kitu.")

(Mheshimiwa anavua miwani.)

Mama, hilo ni swali la kistaarabu, na sikulitarajia kutoka kwa mpinzani. Juu yangu? Mimi ni mtu mdogo. Nilizaliwa Bunyore, nikaletwa Jericho mgongoni, baba yangu alikuwa tarishi wa ofisi, mwenye baiskeli, na mbele ya mlango wetu palikuwa na lile bomba la maji ambalo watoto walikuwa wanalipanda na kujifanya wako kwenye farasi. Mimi sikupanda. Nilikuwa mzito tangu zamani, nikiligusa tu lilikuwa linalia, na wenzangu wakasema Naftaly atatuvunjia farasi. Basi kazi yangu ikawa kupanga foleni. Wewe ngoja, wewe panda, wewe shuka. Hapo ndipo uongozi ulipoanza. Nikawa prefekti, nikawa mweka hazina wa kwaya ingawa siimbi, nikawa katibu, nikawa diwani, na katika miaka hiyo yote, katika kuzindua kwangu viwanja, mabembea na malango, ninaweza kusema kwa fahari kwamba sijawahi hata mara moja kuchukua nafasi ya mtoto yeyote kwa kupanda mimi mwen...

(Kengele. Karani Tobias amegonga bila kuogopa sura.)

(Sasa, wasomaji wasio wa Jericho waelewe jambo moja. Miaka yote rimu ile imekuwa na maana moja tu katika kiwanja hiki: ikilia, bembea inasukumwa, mizunguko mitatu, hakuna kushuka katikati. Na wavuta mikokoteni wa Gikomba wakishaung'oa mzigo mahali pake hawausimamishi njiani, maana kuuanzisha upya ni kazi mara mbili. Bwire alisukuma. Amolo alisukuma.)

Ndugu Bwire. Ndugu Amolo. Hotuba haijaisha. (Bwire: "Kengele imelia, Mheshimiwa." Barua inaruka. Mheshimiwa anahitaji mikono yote miwili kwa ajili ya kifaru.) Karani, ile barua. (Karani Tobias, akiisoma kanuni kwa sauti: "Jambo lolote litakalokuwa halijasomwa kengele ikilia...") Naijua, Tobias. Niliiandika mimi.

Basi. Kwa kuwa imeanguka, kwa maana zote, ninafunga kwa shukrani, na mtaniwia radhi nikiwapa mgongo kila baada ya muda. Burudani oyee. (Oyee.) Wonderland oyee. (Kimya.) Kifaru oyee. (Oyee, mpaka madirishani.)

Ninamshukuru mchoraji wa ramani ya Wonderland, ambaye hatukumpata. Ninamshukuru mkandarasi, ambaye hatukumtafuta. Ninalishukuru lango, ambalo ndilo Awamu ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Ninamshukuru Abdiqadir, ambaye kwa miaka miwili amezilinda nyasi na hakuna hata jani moja lililoibwa. Nikiwa hapa juu naona vizuri kuliko nilivyoona nikiwa ofisini: hapa nawaona nyinyi, pale naliona lango, na ng'ambo ya lango, pale treni ilipo kwenye karatasi... nikizunguka tena nitawaambia... ndiyo, ni mbuzi wanne. Mzee Matheka, nisamehe ile kofia. Na mwisho ninamshukuru Mama Nangila kwa kutuazima jukwaa, benchi, kengele na wageni, kwa sababu sisi hatukuwa na chochote. Asanteni. Mungu awabariki.

(Bembea inasimama. Mzunguko wa tatu umekwisha. Watu wanasubiri Mheshimiwa ashuke. Hashuki. Amempanda kifaru, koti limefunguka, miguu yake inakaribia kugusa mbao.)

Mama Nangila. Katika utafiti wetu, nadhani tulisikia kuna mzunguko wa nne.

("Upo," anasema Mama Nangila. "Wa nne ni wa bure. Lakini ni wa mtoto anayelia akishushwa.")

(Hapa Mheshimiwa alifuta macho. Karani Tobias ameomba iandikwe kwamba lilikuwa vumbi. Mama Nangila aliinama, akaiokota ile barua, akaikunja, akamwambia Bwire: "Msukumeni polepole. Huyu ndiye yule anayetapika.")