Ukurasa wa 41 Haufunguki Uganda

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepewa hadi Jumamosi. Aliyetamka ni Babra, mtangazaji wetu, lakini maneno ni ya Matayo, bwana shamba mstaafu ambaye hajasoma kitu tangu barua ya kustaafu. Juzi redioni nilisema muhogo mpya wa ushirika ni mchungu, na kwamba utafiti umethibitisha, ukurasa wa 41. Matayo akauliza, kwa upole wake wa kinafiki, kama nimeuona ukurasa huo. Nikasema nimeuona. Sijauona. Niliuona umetajwa mahali. Babra akasema niulete studio, la sivyo kiti changu cha miaka kumi na moja kipindini kinapata mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ana kipara na alikuwa ameketi mbele yangu.

Nimetafuta mtandaoni asubuhi nzima. Nimeletewa mapishi ya muhogo wa nazi. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: baadhi ya matokeo yameondolewa. Tovuti ya watafiti nayo haipatikani nchini mwangu. Wananiogopa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeweka VPN, kama Uganda nzima. Simu sasa inaamini iko Uholanzi. Muhogo hawaujui huko, wananionyesha viazi. Nikabadili nchi. Nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi si roboti, nichague picha zenye taa za barabarani. Mtu wa Masafu kama mimi azijulie wapi taa za barabarani? Nimefeli mara nne.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimevuka mpaka kwa miguu. Hoja nyepesi: kufuli ni la Uganda, basi nikasimame Kenya. Cate, anayeuza laini za simu upande ule, aliniazima simu yake. Tovuti ikafunguka papo hapo. Kichwa cha utafiti, kisha jina la mwandishi: Dkt. Athieno, wa Tororo. Tororo! Nimefika hadi Uholanzi kumtafuta jirani.

Kabla faili halijashuka lote, wateja wakajaa. Cate akachukua simu yake. Akasema, mzee, hii simu ndiyo duka langu, nitakumalizia, pitia kesho. Tena akauliza kwa nini nisimwombe tu mwandishi. Nikamweleza kwamba mambo ya wasomi hayaendi hivyo.

Jioni nimemwandikia mwandishi, kwa anwani iliyokuwa chini ya jina lake. Kurasa mbili. Nimemwita kibaraka wa wafungaji wa tovuti.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Uhuru gani, wakati ukurasa mmoja umefungwa?

Athieno amejibu kabla ya adhuhuri. Anasema, mzee wangu, hata mimi sifungui kazi yangu nikiwa Tororo, wamefunga tovuti nzima. Mtafiti ukimwomba, anakutumia. Ameambatisha yote. Nimemjibu hapo hapo: nimeipokea kamili, asante sana, Mungu akubariki.

Ndipo nikafungua ukurasa wa 41.

Muhogo si mchungu. Malalamiko yote yalitoka shamba moja. Mkulima wa 17, Masafu, alipanda mbegu ya zamani, akaiita mpya, kisha akamhutubia mtafiti kwa saa tatu. Nilimkumbuka yule binti mwenye daftari aliyekuja shambani kwangu. Alikunywa chai yangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimelifikiria upya suala la kufunga tovuti. Si kila kitu ni cha kila mtu. Waliofunga huenda walikuwa na busara zao. Kesho nitasema ukweli mtupu: haufunguki Uganda. Nani atanibishia?

Jumamosi, 11 Oktoba

Babra aliuomba ukurasa. Niliwashambulia wafungaji wa maarifa kwa dakika kumi, bila karatasi, bila kupumua. Matayo akatafuna karanga.

Kisha Cate akapiga simu studio. Nilisahau kwamba redio haisimami forodhani. Akasema faili lilimalizika kushuka nilipoondoka, analo, je, asome? Nikamjibu kwamba hilo ni toleo la Kenya. Babra akacheka hewani, jambo lisilo la kitaaluma.

Kisha simu kutoka Tororo. Athieno, sauti tulivu. Mzee wangu, si nilikutumia Alhamisi? Si ulinishukuru? Akasoma shukrani zangu zote, hadi Mungu. Kisha akasoma ukurasa wa 41. Babra akamuuliza nani huyo mkulima wa 17. Akasema mtafiti hataji jina la mkulima. Matayo akasema hakuna haja, hotuba ameitambua.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nimesalimiwa kwa jina jipya: Kumi na Saba. Hata mchungaji. Kiti ni cha Matayo.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu, na nimeliona kosa lenyewe. Ni moja tu: kumshukuru mtu kwa maandishi.

Kesho navuka tena. Kuna redio upande wa Kenya ambayo bado haijanialika. Mada ninayo: dagaa wa Majanji wanadhoofisha kumbukumbu. Utafiti umethibitisha, ukurasa wa 63. Nimejaribu kuufungua pande zote mbili za mpaka, hata kwa simu iliyoko Uholanzi. Haufunguki kokote. Ni utafiti mzuri sana.