Pasipoti Mbili, Mchumba Mmoja

Alhamisi, 14 Juni 2018
Zahle. Kombe la Dunia limeanza, nami nimeanza langu: kumwoa Hanin kabla binamu yangu Faris hajaniwahi. Faris ana shamba la zabibu na meno mazuri. Mimi nina pasipoti ya hapa Lebanoni na ya Brazili, maana nilizaliwa São Paulo. Nimemnong'oneza mamake Hanin, Umm Raif, kwamba tukioana binti atapata uraia, tutahamia kule, na yeye atakuja kututembelea apendavyo. Kanipakulia kibe, vile vitonge vya nyama na ngano, mara tatu. Mambo yameiva.

Ijumaa, 15 Juni
Hayajaiva. Babake Hanin, mzee Abu Raif, ni shabiki wa Ujerumani tangu ujana. Bendera yao imefunika roshani nzima, nguo hazina pa kuanikwa. Kasema hatoi binti kwa Mbrazili, na tena Hanin haendi kuishi ng'ambo. Nikamjibu, ami, uraia ule niliukana zamani. Kanibusu mashavu yote mawili. Tangu hapo kukaa siwezi, kusimama siwezi.

Jumamosi, 16 Juni
Nimefunga bendera ya Ujerumani garini. Umm Raif kaiona, kauliza kama sasa nina pasipoti tatu. Sikukataa. Faris naye kapita, kacheka, kasema, "Nadim, njia mbili zilimshinda fisi." Wivu tu.

Jumapili, 17 Juni
Balaa! Mjomba kaja kuniposea, kavaa tai kwenye joto hili. Kahawa ikaletwa, akaiweka chini. Hainywi mpaka akubaliwe, ndiyo desturi. Lakini Abu Raif hasikii la mtu, Ujerumani inacheza. Ikafungwa na Meksiko. Mzee akajifuta macho, akasema angalau kijana huyu kawatupa Wabrazili.
Umm Raif akashtuka. "Kawatupa? Mbona nimeshawaambia majirani tunahamia?"
"Nani anahamia?"
Wakanigeukia. Nikasema yote mawili ni kweli, kila moja kwa kiasi chake. Hapo Hanin akatoka jikoni, akaniuliza jambo moja tu: mwenyewe nataka tuishi wapi? Nikamuuliza angependa jibu lipi.
Akakusanya vikombe, akavirudisha jikoni. Mjomba hakuonja hata tone.

Jumatatu, 18 Juni
Hanin kamkubali Faris. Inaniuma, sifichi. Tangu asubuhi nazunguka chumbani, navaa viatu, navivua. Nimetafuta kosa langu, na mchana huu nimelipata: uraia wa nchi mbili hautoshi.
Nyanya mzaa mama alizaliwa Ugiriki. Kesho naanza kufuatilia pasipoti ya tatu. Na daktari wa meno ana binti mzuri. Mama mtu anaililia Ulaya, baba mtu hataki hata kuisikia. Nitazungumza na kila mmoja kivyake.