Mzee Filipo Ndani ya Lenzi Pana

Jumatatu, 10 Machi 2025. Kiomboi.
Mteja mmoja tu tangu asubuhi, wa picha ya pasipoti. Ameitazama akasema anafanana na marehemu. Sikubishana naye.

Lakini kuna jambo. Bi Editha, mwenye hoteli mpya mjini Singida, anatafuta picha kubwa ya mandhari ya Iramba aitundike mapokezi: mashamba ya alizeti, milima nyuma. Amemwambia Godfrey pia. Godfrey ana studio ng'ambo ya barabara, yenye kibao cha taa. Harusi zote zake. Zinazobaki zangu, na hazibaki.

Nimeamua. Nachukua lenzi pana. Itameza wilaya nzima.

Jumatano, 12 Machi.
Calist, muuza kamera wa Dodoma, anazo mbili: ya milimita ishirini na nne na ya kumi na nne. Namba ikiwa ndogo, lenzi inaona kwa upana zaidi. Akaniuliza napiga nini. Milima, nikamwambia. Akanishauri ya ishirini na nne, maana ile nyingine inasukuma milima mbali na kuvimbisha kilicho karibu. Nimemshtukia. Anataka kunibambikia iliyokosa mnunuzi. Nimechagua kumi na nne. Naye atachukua lenzi yangu ya zamani, ile ya kupigia nyuso, kama sehemu ya malipo.

Mke wangu Rahabu akauliza, “Na baba utampiga na nini?”

Baba yake, Mzee Filipo wa Kinampanda, kifua kinamzidi. Ameomba picha moja nzuri ya uzeeni. Nikamjibu kwamba lenzi inayomeza mlima haitashindwa na mzee mmoja. Hakucheka.

Ijumaa, 14 Machi.
Lenzi imefika na basi. Tumekwenda Kinampanda. Alizeti imechanua yote. Godfrey alikuwa juu ya jiwe na lenzi yake ya kawaida, anapiga kipande cha shamba na mlima mmoja. Nilimhurumia.

Mchana nikampiga mzee. Alikuwa amenyolewa, amevaa koti la kanisani, na kukaa wima kulimchosha. Kila nikitazama, naona choo, mbuzi na kanga kwenye kamba. Nikasogea. Bado choo. Nikasogea tena. Mama mkwe akaondoka kwa aibu. Mkwe hasogelei uso wa baba mkwe kiasi kile.

“Mwanangu,” mzee akasema, “unanipiga picha au unaninusa?”

Nikamwomba atulie. Akatulia.

Jumamosi, 15 Machi.
Nimefungua picha kwenye kompyuta. Milima imekuwa vichuguu. Mbingu tele. Chini, viatu vyangu, vyote viwili.

Mzee ana pua kama kiazi kitamu. Masikio yamekimbilia kisogoni. Nilimwambia Rahabu ni kioo cha kompyuta. Akasema nirudi kesho nimpige upya. Nimesema wiki ijayo. Kwanza nikate viatu kwenye ile ya milima, nimpelekee Bi Editha.

Jumatano, 19 Machi.
Bi Editha amechukua ya Godfrey. Aliniuliza milima iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akafuta alama ya kidole changu kwenye picha, akanishukuru kwa kuja.

Alhamisi, 20 Machi.
Mzee Filipo amefariki alfajiri.

Rahabu hakulia mbele yangu. Aliniuliza kama nilirudi kumpiga tena. Anajua sikurudi.

Jumamosi, 22 Machi.
Tumemzika. Hakukuwa na picha nyingine yake. Usiku wa kuamkia leo nilijaribu kuipunguza pua, mdomo ukapinda. Nikaiacha hivyo, nikaitia kwenye fremu, ikawekwa juu ya jeneza. Watu walipita wakiinamisha vichwa. Wajukuu wawili walicheka, wakatolewa nje. Godfrey alikuwepo. Alitazama chini muda wote, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Mama mkwe akaja mwisho. Akainama juu ya picha.

“Huyu simjui,” akasema taratibu, akailaza fremu kifudifudi.

Kaburini nilisimama nyuma ya watu wote. Hakuna aliyenitafuta.

Jumatatu, 24 Machi.
Rahabu amebaki Kinampanda kwa mama yake. Hakusema mpaka lini. Nimekunywa chai bila sukari, sijui anaiweka wapi.

Nimefikiri siku nzima, na kosa nimelipata. Milimita kumi na nne hazikutosha. Calist anayo ya kumi na moja. Nimemwambia nitampa kamera yangu ya akiba na stendi yake ya miguu mitatu. Nataka kuomba radhi kwa vitendo, wakati mhusika bado yu hai.

Calist akaniuliza tena napiga nini. Nikamwandikia: uso wa mama mkwe.

Ujumbe ameusoma. Nami nimeshaanza kufungasha stendi.